Kisiwa cha Bei ya Baba

"Mwambie mama mkwe wako namshukuru sana," baba alisema, "lakini mimi siendi likizo ya kubebwa."

Alisema hivyo akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anamalizia dari la bweni la shule. Mimi nilikuwa chini nimeishika ile ngazi, bado nina sare ya kazini, na rangi ilikuwa imeshanidondokea kiatuni. Nikamwambia hakuna anayembeba mtu. Mama yake Mpole, mchumba wangu, ameomba tu familia mbili zikae pamoja siku chache kabla ya ndoa, tule, tucheke, tujuane. Amekodi kisiwa kizima chenye nyumba ya ghorofa, mpishi, majokofu na watu wa kutandika vitanda. Sisi tunatakiwa kwenda na nguo zetu tu.

"Nguo na midomo," baba akajibu. "Hapana. Waulize hao wenye visiwa kama wana kingine hapo jirani, cha bei yangu."

Kumbe walikuwa nacho. Ndivyo mimi, binti wa mpaka rangi, nilivyojikuta nakwenda likizo kwenye kisiwa cha kukodi. Ukisema hivyo mbele za watu wanakutolea macho, lakini visiwa navyo vina madaraja yake. Kile kikubwa, ukishalipa, hata kijiko hukibebi. Chetu kilikuwa na vyumba viwili, baraza, choo cha nje na jiko la gesi lenye jicho moja zima. Maji ya kunywa unakuja nayo, shuka unakuja nazo, na takataka zako unaondoka nazo. Visiwa vyote viwili ni vya mwenye mali mmoja na vinahudumiwa na boti moja, ambayo inaanza kuwashusha waliolipa zaidi. Katikati ya visiwa kuna ulimi wa mchanga, na maji yakipwa unavuka kwa kukunja suruali.

"Wao wana kisiwa," shangazi alisema tuliposhuka na magodoro yetu kichwani. "Sisi tuna mchanga wenye paa."

"Paa ni paa," baba akasema, na akaanza kufagia.

Sikuwahi kumwona baba na furaha kama ile. Mama alifariki nikiwa sijaota hata meno ya pili, na tangu hapo likizo ya baba ilikuwa kulala Jumapili hadi jua litoke. Sasa alikuwa anazunguka kisiwa chake kikavu mikono nyuma, anakagua ukuta, anakagua vichaka, anaita, "Shangazi yako yuko wapi aje aone huku?" wakati huku kwenyewe ni hatua chache kutoka kule. Nilimtazama nikaona moyo wangu umejaa. Nikajiambia, huyu mwanaume ninayekwenda kuolewa naye, kwa kutuletea siku hizi tu, nitampenda mpaka meno yang'oke.

Jina la Mpole walimpa kwao tangu utotoni, kwa sababu hakuwa analia. Mimi nilimjua dukani, pale ninapopima macho na kutengeneza miwani. Alikuja na miwani iliyolegea skrubu. Nikaikaza. Baada ya siku chache akarudi, skrubu ileile imelegea. Aliporudi tena nikamwuliza, "Kaka, hii miwani unailegeza mwenyewe?" Akainamisha kichwa, masikio yakamwiva, akasema, "Nisamehe. Sikujua jambo lingine la kuja kukuambia." Nilicheka mpaka mteja wa nyuma yake akacheka. Nilianza kumpenda palepale, kwenye ile aibu yake.

Mama yake ana maduka ya samani, naye Mpole ndiye anayepanga usafirishaji. Kabati likivunjika njiani, mteja hajui. Analetewa jingine, na lile lililovunjika linapotea kimyakimya. Mama yake humsifu kwa hilo. Mimi pia nilimsifu. Niliona nimepata mtu wa kunipangia maisha yasiwe na kelele.

Siku ya pili, baba akaalika wakwe kwa chakula cha mchana. Alikataa katakata mpishi wa kisiwa cha ng'ambo asikanyage. Alikaanga kuku mwenyewe, akachemsha viazi, akaweka meza barazani kwa mlango alioung'oa chumbani na kuulaza juu ya ndoo, kisha akaufunika shuka safi. Wakaja wakivuka mchanga, mama mkwe kashika viatu vyake mkononi, wifi yangu nyuma, Mpole akifunga msafara na tikiti maji kwapani.

Na chakula kikanoga! Mama mkwe aliomba kuongezwa kuku. Wifi alicheka na shangazi. Baba alipoona mambo yameiva, akafuta mikono, akaegemea kiti, nikajua anakuja na hadithi yake. Ilikuwa hadithi ya jinsi alivyopata kisiwa kwa bei nafuu, na mimi nilikuwa nimeshaisikia mpaka naiota.

"Yule wakala," akaanza, "ananitajia bei, nikamtazama. Nikamwuliza, kijana, umenitajia bei au namba ya simu?"

Shangazi akapiga meza. Mama mkwe akatabasamu.

"Nikamwambia bei yangu ni hii, nusu. Akatikisa kichwa. Nikainuka. Nikafika mlangoni." Baba akainuka kweli, akaenda mpaka nguzo ya baraza, akashika kitasa ambacho hakipo. "Akaniita, mzee, mzee! Sikugeuka. Biashara ni shingo. Ukigeuka tu, umeliwa."

"Baba wewe ni kiboko," Mpole akasema, anacheka. "Halafu ikawaje?"

"Akanifuata mpaka huku nje! Ananishika mkono, mzee tafadhali, chukua kwa bei yako."

Hapo ndipo nilipomwona wifi. Alimtupia mama yake jicho, la haraka sana, kisha akaficha mdomo kwenye glasi. Mama mkwe akakaza uso, akatazama bahari. Kazi yangu ni macho ya watu, najua jicho la mtu anayeona vizuri na la mtu anayejifanya. Lakini siku ile nilikuwa na furaha, nikalipuuza.

Baba hajakaa vizuri, ikatia nanga boti ya msimamizi wa visiwa, kaleta madumu ya maji ya kuogea. Mtu mwema, mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Akapanda barazani, akatusalimia wote kwa heshima, akamgeukia Mpole.

"Bosi, ofisini wanakusalimu. Wamesema lile salio lako la kisiwa hiki kidogo limeingia. Tumeshamalizana."

Mama mkwe akasema haraka, "Jamani, mambo ya ofisi msituletee kwenye chakula," na wifi akasema viazi ni vitamu. Mpole alikuwa anatazama sahani yake.

Hakuna aliyeuliza salio gani. Mtu asiyejua jambo huuliza. Wale hawakuuliza kwa sababu walikuwa wanajua, wote watatu, tangu walipokuwa wanavuka na viatu mikononi, na walikaa wakamwacha baba yangu anatembea mpaka kwenye nguzo kushika kitasa. Nilihisi uso wangu unawaka.

"Mkwe wangu, ongeza kuku," baba akasema, kwa sauti yake ileile. "Bado yupo."

Akawahudumia mpaka mwisho. Akawakatia tikiti lao wenyewe. Walipoaga akasema karibuni tena, akawashika mikono mmoja mmoja, na mkono wa Mpole akaushika kwa muda mrefu kuliko ya wengine.

Nikamsindikiza Mpole. Mama yake na wifi walitangulia, na sisi tukasimama katikati ya ule ulimi wa mchanga, maji yanatulamba vifundo vya miguu.

"Ulilipa nusu ya kisiwa chetu," nikasema.

"Nililipa, ndiyo." Hakukana. "Baba yako alitaka kutoa bei ambayo hata choo hakikodishwi. Wangemkatalia, asingekuja, na wewe ungelia. Nilifanya kwa ajili yako, mpenzi."

"Ungeniambia mimi."

"Ungemwambia yeye."

Hilo lilikuwa kweli, nikalimeza. "Sawa. Mimi hukuniambia. Mama yako je?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwenye shati. Miwani yenyewe nilimtengenezea mimi. "Aliuliza hela imekwenda wapi. Mimi sijui kudanganya."

"Hujui kudanganya? Mbona umekula kuku wa baba yangu huku unamwambia yeye kiboko?"

"Alikuwa anafurahi! Ulitaka nimkatize? Nimwambie mzee kaa chini, si kweli?"

"Nilitaka usimchochee. 'Halafu ikawaje?' Wewe unajua ikawaje, mama yako anajua ikawaje, dada yako anacheka ndani ya glasi, na bado unamwambia aendelee."

"Dada hakuwa na nia mbaya."

"Mpole, nitazame."

Akanitazama, na moyo ukanisaliti hapohapo. Yale macho yake mazito, yanayoomba radhi kabla hujamwambia kosa. Nilitamani kumkumbatia tukasahau yote. Nikamshika mkono, nikasema polepole kama ninavyowaambia wateja wanaoogopa kifaa cha kupimia macho.

"Siyo hela. Hela tutairudisha au tutaishukuru, hilo dogo. Nakuomba kitu kimoja. Njoo leo na mama yako na dada yako, mbele yao useme: baba, nilificha, na nikawaambia hawa, na tumekuacha unasimulia. Nimekukosea. Basi. Baba atacheka, atakupiga begani, yatakwisha."

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya walewale waliokaa mezani."

"Mama atasema umeanza kunitawala hata ndoa bado." Akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Wewe humjui. Tayari ana wasiwasi na ninyi."

"Wasiwasi gani?"

"Achana nayo."

"Sema, Mpole."

"Anasema..." Akairudisha miwani usoni. "Anasema baba yako ana kiburi cha maskini. Kwamba tukioana atatusumbua. Ni maneno tu ya mama, kwa hasira, siku ile baba yako alipokataa kuja kwetu."

Upepo ulikuwa unapiga, lakini kila neno nililisikia vizuri. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilinyamaza. Ili yasikue."

Nikauachia mkono wake. Sikuamua kuuachia, vidole vyenyewe vilichoka. Akauona mkono wake umebaki peke yake hewani, akashtuka.

"Nitakuja," akasema. "Nakuapia. Nipe muda nizungumze na mama kwanza. Kabla jua halijazama nitakuwa pale barazani."

"Na yeye?"

"Na yeye. Nakupenda wewe. Sina mwingine."

"Najua unanipenda," nikamwambia, na nilikuwa nalia.

Niliporudi nikamkuta baba anasuuza sahani kwa maji ya bahari, shangazi anazifuta. Shangazi akanitazama mara moja tu, akasema anakwenda kuanua nguo ambazo hatukuwa tumeanika. Nikachutama kando ya baba.

"Baba, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Mimi nilijua."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Wakala aliniambia siku ileile," baba akasema, bado anasugua sahani. "Nimemtajia bei yangu, akacheka, akasema mzee, lipa tu hiyo, mkwe wako kijana kaongezea. Nikachukua hela zangu nikarudisha mfukoni. Nikafika mlangoni. Hapo kweli nilifika."

"Akakuita?"

"Wala. Alikuwa anakula karanga. Nilirudi mwenyewe." Akaiweka sahani chini. "Nilikufikiria wewe. Unavyorudi kazini unaimba jikoni, siku hizi. Nikasema, kijana amenisaidia kwa siri, ameniona nina heshima yangu. Na mimi nimtunzie siri yake, mama yake asije akamgombeza kwa kutoa hela kwa watu kama sisi. Ndiyo nikatunga ile hadithi, ili hata ikiulizwa bei ilikuwaje nafuu, jibu lipo. Nilikuwa namkinga yeye."

"Kumbe walikuwa wanajua," baba akasema. Akajaribu kucheka. "Na mimi nimesimulia kwa vitendo, mwanangu. Nimeinuka kabisa mpaka kwenye nguzo."

Baba yangu amepanda ngazi maisha yake yote, na sijawahi kumwona ameogopa kuanguka. Jioni ile alikuwa anakwepa kunitazama, mtu mzima, anatafuta sahani nyingine ya kuosha wakati zimekwisha. Nilitamani bahari imeze kisiwa cha ng'ambo pamoja na majokofu yake.

"Anakuja," nikasema. "Ameniahidi. Atakuja na mama yake kuomba radhi."

"Akija nitampokea," baba akajibu. "Kijana si mbaya."

Nikaosha uso, nikavaa gauni lile analolipenda. Nikapanga viti. Shangazi akachemsha maji ya chai, yakapoa, akayachemsha tena bila kusema neno, na kwa shangazi kukaa kimya ni ugonjwa. Nikawaona ng'ambo wamewasha taa za bustani. Nikawaona watu wanatembea varandani, na mmoja najua kabisa alikuwa yeye, namjua kwa mabega. Alisimama akitazama upande wetu. Kila aliposogea nilisema moyoni, ndiyo huyo. Jua likazama. Nikamtetea. Labda mama yake kaumwa kichwa, labda anatafuta maneno. Shangazi akaja akanivua kitenge begani na kunifunika nacho vizuri, akaniambia nikale.

Asubuhi nikaamshwa na mlio wa boti.

Nilitoka mbio bila viatu. Nikamwona msimamizi peke yake, anakuja mchangani anatabasamu. Baba alikuwa barazani na kikombe. Shangazi akatokea nyuma yangu na mswaki mdomoni.

"Habari za kuamka," msimamizi akasema. "Bwana mdogo ameniagiza. Kasema mkipenda kuondoka leo, msisumbuke kungoja boti ya siku yenu. Hii hapa, kubwa, ya kukodi, itawafikisha hadi gatini, na kule kuna gari linawangoja. Ameshalipia yote."

Nikauliza, "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Anakunywa chai na mama."

"Amekupa neno la kuniambia?"

Msimamizi akafikiri. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliacha kutabasamu. "Amesema nikwambie ina viti vya kuegemea. Msije mkaumia migongo."

"Mwambie aje alipie na haya!" shangazi akafoka, ananinyooshea kidole mimi na machozi yangu, povu la mswaki linamruka.

"Shangazi, acha," nikasema. "Si kosa la huyu."

Nilielewa wakati ule. Mpole hakunidanganya mchangani. Alikusudia kuja. Alikwenda kwa mama yake, mama akasema neno, naye akanyamaza ili yasikue. Kisha akakaa akifikiria jinsi ya kunitunza bila mtu kupaza sauti, akanitafutia boti. Alifanya kwa upendo. Usiku mzima labda hakulala kwa kunifikiria mgongo wangu. Lile kabati limevunjika njiani, na mteja asijue.

"Baba," nikasema, "unataka tuondoke?"

"Siku zetu bado zipo. Lakini mwanangu, kama unawasusia wakwe kwa ajili yangu, panda hiyo boti, nenda ng'ambo ukanywe nao chai. Aibu yangu mimi ni ya mchana mmoja. Imeshapita."

"Si kwa ajili yako. Jana kanyamaza juu yako. Nikiwa mke wake, nikisemwa mimi atanyamaza. Akisemwa mtoto wangu atanyamaza, halafu ataniletea zawadi."

Nikamgeukia msimamizi.

"Rudi na boti. Mwambie mimi sikuagiza boti, nilikuwa namngoja yeye. Na mwambie simngoji tena."

"Nimwambie hivyohivyo, dada?"

"Hivyohivyo. Na umwambie mbele ya mama yake."

Akavua kofia, akainama kidogo, akaondoka. Shangazi akaingia ndani kwa kishindo, nikamsikia anazigombeza sufuria. Mimi nikabaki nimesimama, natazama boti inakwenda. Nilikuwa bado na gauni la jana.

Baba akaja taratibu, akakaa mchangani, akapigapiga pale kando yake. Nikakaa.

"Unampenda bado?" akauliza.

"Nampenda, baba. Ningeweza kumvumilia maisha yote, hilo ndilo linaloniua."

"Basi lia."

Nikalia. Nililia kwa sauti, asubuhi kweupe, ng'ambo wasikie wasisikie, shauri yao. Baba alinizungushia mkono wake wenye madoa ya rangi, akakaa nami mpaka jua likawa kali, na hata mara moja hakuninyamazisha.